Supu ya Jumapili

Uongo wa binti huyu ulianza kidogo kidogo, kama uongo mwingi wa wapendanao. Mchumba wake alimuuliza kwa simu, "Umekunywa supu?" naye akajibu, "Nimekunywa, mpenzi," huku amesimama mbele ya sinki, bomba limefunguliwa, na supu yenyewe inashuka na maji. Sasa niambie, hapo kuna kosa gani? Hata wewe umewahi kusifia zawadi ukaenda kuificha uvunguni. Lakini wiki tatu baadaye, Jumapili saa sita mchana, binti huyo alifika mlangoni kwa mchumba wake na miguu ikagoma kuvuka kizingiti, maana humo ndani alikuwepo mama mkwe mtarajiwa, na harufu ya mifupa inayochemka ilikuwa imetapakaa mpaka kwenye ngazi.

Watu walimwita Uzi. Jina alipewa na huyo huyo mchumba, mwaka juzi, binti alipolazwa na vidonda vya utumbo mpana, akakonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. "Wewe ni uzi," alimwambia, amemshika mkono wenye sindano ya maji. "Mwembamba, lakini hukatiki." Na kwa kuwa kazi yake ni kushona mapazia, jina likamkaa mpaka kazini. Mwanaume naye ni fundi wa lifti, na kila mtu anamwita Fundi, hata mama yake mzazi akiwa amekasirika.

Fundi alimpenda, hilo halina ubishi. Pale wodini alikaa wiki tano kwenye kiti cha plastiki, hana la kufanya. Mtu aliyezoea kufungua mtambo na kuona hitilafu ilipo, sasa anamwangalia mpenzi wake akiharisha damu na hakuna hata skrubu ya kukaza. Basi vidonda vilipopoa, na kila aliyekutana naye akamwambia dawa ya utumbo ni supu ya mifupa, aliipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Kila Jumapili aliinjika sufuria asubuhi, akaipua jioni. Akaigawa kwenye mikebe minne ya plastiki, akabandika utepe mweupe ule anaoandikia nyaya, akaandika kwa herufi kubwa: JUMATATU, JUMANNE, JUMATANO, ALHAMISI. Siku zote hizo yuko juu ya lifti za watu, ndiyo maana alipika mapema.

Uzi akanywa. Mkebe wa Jumatatu ulimwachia pua iliyoziba. Wa Jumanne, kichwa kuuma. Ikifika Alhamisi uso unawaka, mabaka yanayowasha yanamtoka shingoni, moyo unamwenda mbio hali amekaa tu kwenye cherehani, na tumbo, lo, tumbo linamkimbiza chooni mara tano kabla ya saa nne asubuhi. Jumamosi anapata nafuu. Jumatatu wanaanza upya. Miezi saba! Na kwenye daftari la chakula aliloambiwa aandike kila anachokula, supu hiyo hakuiandika hata siku moja.

Aliyemkamata ni mtaalamu wa lishe wa kliniki, mama mmoja mwenye sauti ya chini.

"Daftari lako halina doa," alimwambia. "Vipimo vya choo vinasema utumbo umetulia. Daktari anataka kukurudishia zile dawa zinazovimbisha uso, na mimi sioni za nini. Nani anakuumiza, binti?"

Uzi akacheka, kisha akalia, kisha akaitaja supu.

"Sikiliza," yule mama akamwambia. "Kuna kitu kinaitwa histamini. Kiko mwilini mwetu na kiko kwenye chakula. Utumbo wenye afya hukivunja ukaendelea na kazi zake. Wako ulichubuka muda mrefu, bado hauna nguvu hizo. Chakula kikilala, histamini inaongezeka. Kikichemka kutwa nzima, ndiyo kabisa. Na ukipasha moto haiondoki. Jaribu wiki chache kula kilichopikwa saa hiyo hiyo, kiporo usiguse. Tuone."

Siku kumi tu, binti akalala usingizi wa watu wenye afya. Wiki tatu, mashavu yakarudi. Na Fundi, maskini ya Mungu, alipoyaona yale mashavu, alimpigia mama yake simu mbele ya Uzi, anacheka kama mtoto, "Mama, supu imemponya! Nilikwambia!"

Hapo ndipo Uzi alipotakiwa kusema. Alifungua mdomo, akauangalia uso wa mwanaume, akaufunga.

Basi turudi mlangoni.

"Ingia, mwanangu, umesimama kama mdai," mama mtu alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo nikuone. Hebu geuka. Ee!" Akamshika mashavu yote mawili. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na ushei, aliyepika kwenye shule ya bweni miaka thelathini, na mikono yake ilikuwa mipana, ya moto. "Umenawiri. Sasa umekuwa mtu."

Fundi alikuwa jikoni, taulo begani, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Alimtupia Uzi lile jicho lake, lile la pembeni, linalosema subiri mama aondoke. Uzi akalipokea, na kifua kikamuuma kwa jinsi alivyompenda.

"Kaa," mama akasema. "Nina neno, na nisipolisema sasa litanikaa rohoni. Nilikusema vibaya. Mwaka mzima nimekusema. Nilimwambia mwanangu asioe kitanda cha hospitali."

"Mama, yamepita," Fundi akadakia kutoka jikoni.

"Hayajapita, niache nimalize. Nilisema hivyo mbele yako, binti, hapa hapa kwenye kochi hili, na hukunijibu. Nisamehe. Nilimzika baba yake baada ya kumuuguza miaka sita. Nilikuwa naogopa, nisingependa mwanangu apite njia ile." Akafungua mfuko, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. "Hiki nilikinunua jana. Wewe unajua vitambaa kuliko mimi, kama hakifai sema. Wiki ijayo baba zake wadogo wanakuja kwenu kupanga siku."

Uzi akakishika kitambaa. Kilikuwa kizuri, kizito, cha bei.

"Kinafaa, mama. Asante. Sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Leo utakula. Supu ya leo nimeipika mimi, jana, nikailaza ikolee. Huyu fundi wa lifti anajua kuchemsha, hajui kupika."

"Mama!"

"Kweli si kweli? Lete bakuli."

Jamani, kuna watu wanaosema wangekuwa wao wangesema. Ni rahisi ukiwa nje ya nyumba. Bakuli lililetwa limejaa, moshi unapanda, na mama yuko upande huu na kitambaa cha harusi kiko upande ule, na mwanaume umpendaye amesimama na taulo begani akisubiri kukuona unameza. Uzi alifikiri, vijiko vitatu haviui mtu. Kisha nitasema nimeshiba. Wiki ijayo wazee wakishakuja nitamwambia taratibu, tukiwa wawili. Akachota.

Ilikuwa tamu kupita kiasi, na hilo lilimtia uchungu zaidi.

"Chumvi?" mama akauliza.

"Imekaa sawa."

"Mbona unazungusha kijiko?"

"Ya moto, mama."

"Mh." Mama akaegemea kiti. "Nimelisha watoto mia nne, asubuhi, mchana na jioni. Namjua anayemeza na anayezungusha kijiko. Kunywa, binti."

Akanywa. Alipofika nusu ya bakuli, joto lilimwanzia masikioni. Akalijua. Likashuka shingoni, na pale shingoni pakaanza kuwasha, na moyo ukaanza kupiga mbio kana kwamba amepanda zile ngazi upya. Akavuta kola ya blauzi juu.

"Humu kuna joto," akasema.

"Dirisha liko wazi," mama akajibu.

Fundi alikuwa ameshaona. Kijiko alichokuwa nacho kikamponyoka. "Uzi. Shingo yako."

"Si kitu, mpenzi."

"Si kitu vipi? Umetoka mabaka! Umeanza kuvimba mdomo." Akapiga magoti mbele yake, akamshika kiganja. "Tumbo?"

"Kidogo."

"Umerudi," akasema. Rangi ilimtoka usoni. "Ugonjwa umerudi. Mungu wangu, umerudi, na ulikuwa umepona. Mama, simu yangu iko wapi? Nampigia daktari."

"Fundi, ngoja."

"Ningoje nini? Nilingoja mara ya kwanza ukaanguka bafuni! Simu iko wapi?" Alikuwa anapekua mito ya kochi, machozi yanamlengalenga, mwanaume mzima anayening'inia kwenye mashimo ya lifti bila kufumba jicho. Uzi alivumilia mengi katika ugonjwa ule, lakini hilo la kumwona Fundi anaogopa kiasi kile kwa ajili ya uongo wake, hakuliweza.

"Haujarudi," akasema. "Ni supu."

Fundi akasimama na mto mkononi. "Supu ina nini?"

"Inanidhuru. Imelala. Chakula kilicholala, au kilichochemka siku nzima, mwili wangu haukiwezi. Nina vidonge kwenye pochi, nikinywa kimoja yatatulia. Nimeambiwa kliniki."

Alifungua pochi, akameza kidonge na maji. Kisha Fundi akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Supu hii? Si ndiyo iliyokuponya?"

"Haikuniponya. Nilipona kwa sababu niliacha kuinywa."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na ile mikebe? Kila siku nakuuliza, unasema umekunywa."

"Niliimwaga."

"Makubwa!" mama akasema, akajishika kiuno.

"Yote?" Fundi akauliza.

"Yote."

Alitikisa kichwa polepole. Alikaa kwenye mkono wa kochi, mbali kidogo na Uzi, na ule umbali Uzi aliuhisi kuliko mabaka. Alitegemea hasira. Fundi akikasirika hupayuka dakika tano, halafu anaomba chai. Leo sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sawa, umeimwaga. Haina neno. Kama ilikuwa inakudhuru ulitakiwa kuimwaga. Nakuuliza ile ya kabla. Kabla ya kliniki. Ulijua?"

Huu ndio mlango wa mwisho aliokuwa nao wa kutokea. Angesema hakujua, na nani angembishia?

"Nilijua," akasema. "Si kwa kuambiwa. Mwili uliniambia. Jumamosi nakuwa mzima, Jumanne nimelala chini. Mtu hahitaji shule."

"Kwa hiyo Alhamisi zile zote. Mimi natoka kazini, nakuja kukukanda mgongo. Nakwambia pole. Nalia, Uzi. Ulishaniona nikilia. Na wewe umelala pale unajua ni mimi ninayekuumiza, na unanishukuru."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nipe maneno mazuri zaidi."

"Ulikuwa na furaha!" Uzi akapaza sauti, na machozi yakamtoka. "Kule hospitali ulikuwa unakaa umeshika magoti, huna la kufanya, nikawa nakuonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Siku uliyoleta mikebe ya kwanza na yale maandishi yako, uso wako ulikuwa uso mwingine. Ningekwambiaje chukua, rudi nayo? Na mama yako anasema mimi ni kitanda cha hospitali. Nianze kuchagua chakula pia? Niliogopa kukupoteza. Ndiyo hivyo. Niliogopa."

"Ukaona bora uumwe."

"Nikaona bora niumwe."

Mama akafungua mdomo, Fundi akainua mkono bila kumtazama. Alikuwa anamwangalia Uzi kama anavyoangalia mtambo asioujua.

"Mwezi wa pili nilikuuliza kama unataka tuhamie karibu na kazini kwangu," akasema. "Ukasema ndiyo. Ulitaka?"

Uzi akaitazama pete yake.

"Nilikuuliza kama pete imekupendeza. Nilikuuliza kama unataka watoto upesi. Nakuuliza kila siku kama unanipenda, na kila siku unasema ndiyo, kwa sauti ile ile uliyonijibia habari ya supu. Nitajuaje?"

"Nakupenda. Hilo unalijua."

"Nilikuwa nalijua. Asubuhi nilikuwa nalijua." Akapangusa uso kwa taulo. "Niambie kitu kimoja usichokipenda kwangu. Kimoja tu. Nisikie sauti yako inavyokuwa ukisema kweli."

Sufuria ilitokota jikoni. Uzi alijua jibu la kumponya. *Hakuna, mpenzi.* Lilikuwa tayari mdomoni, kama miaka yote. Alimwangalia mama, akamwangalia mwanaume.

"Sipendi unavyonyamaza mama akinisema," akasema. "Siku ile ya kitanda cha hospitali, uliendelea kukoroga sufuria."

"Sikusikia siku ile. Nilikuwa jikoni."

"Mlango ulikuwa wazi, Fundi. Ulikuwepo. Kijiko kilisimama, halafu kikaendelea."

Aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Mama alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ni kweli," Fundi akasema mwishowe. "Nilisikia."

"Ulitaka nikwambie kweli," Uzi akasema.

"Nilitaka. Imeuma kuliko nilivyodhani." Akainuka, akaenda kuzima jiko, akabaki huko amewapa mgongo. "Wazee wiki ijayo wasije kwenu. Nitawaambia mimi."

"Waje lini, basi?"

"Sijui."

"Mwezi ujao? Fundi, nitajie hata mwezi."

"Nikikutajia siku nisiyoiamini, tutakuwa waongo wawili ndani ya nyumba moja. Nenda nyumbani, Uzi. Nenda upumzike. Mimi sasa hivi nikikuangalia naona Alhamisi tu."

Alitaka kumfuata jikoni, amkumbatie kiuno kama alivyozoea, aweke shavu kwenye ule mgongo. Alipiga hatua mbili. Mgongo haukugeuka. Akachukua pochi yake, kitambaa akakiacha.

Mama alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akavuta mlango nyuma yake.

"Mabaka yanapungua," akasema, akimwangalia shingo.

"Ndiyo, mama."

"Pale shuleni nilikuwa na karatasi ukutani. Huyu hali karanga, huyu hali mayai, huyu maziwa yanamsumbua. Miaka thelathini. Niliwapikia kila mmoja sufuria yake ndogo, na hakuna aliyewahi kuniomba radhi kwa hilo." Akamwekea sawa kola ya blauzi. "Ungesema tu, mwanangu. Ningekupikia."

Uzi alishuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Alifika chumbani kwake saa nane na nusu. Alikuwa na njaa, na njaa haina adabu, haiulizi una msiba gani. Alichemsha wali kikombe kimoja, akakata karoti, akakaanga yai kwa mafuta kidogo, akala hapo hapo kikiwa cha moto, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akafanya anachofanya kila mgonjwa wa namna yake baada ya kula: akakaa kimya na kuusikiliza mwili.

Nusu saa. Uso haukuwaka. Saa nzima ikapita. Pua ilikuwa wazi, moyo ulitembea taratibu, na tumbo, lile tumbo lililomtesa kwa miaka miwili na kumpeleka wodini akiwa amebebwa, lilinyamaza kama la mtu mzima wa afya. Hata ile nusu bakuli ya supu lilikuwa limeisamehe. Siku zote alijua angejisikiaje siku ya kuwa na hakika kwamba amepona, na alijua angemwambia nani kwanza, na kwa maneno gani, na huyo mtu angepiga kelele gani ya furaha. Aliweka sahani chini. Mahali pote mwilini hapakuwa na maumivu hata kidogo, akaanza kulia, akalia mpaka jua likaondoka dirishani.